Haji Alivyonikagua Mdomo

Jumamosi

Na lori la ng'ombe linatoka Garissa kesho! Haji, mwenye mali, aliniahidi kazi ya ulinzi juu ya lori kwa sababu mimi ni bingwa wa ngumi na mateke. Sasa jana kwenye pambano, mpinzani wangu, jamaa mmoja wa Rhamu, alinipiga mdomo, akanikaba mpaka nikasalimu amri, soko lote likiona.

Leo Haji amenishika taya, akanifungua mdomo vile anakagua madume.

"Meno mawili hakuna. Wallahi, dume kama hii mimi sinunui."

"Haji, nipe safari moja tu."

Akaniachilia taya, akapangusa vidole.

"Haya, panda. Lakini njiani usicheke, watu wataona pengo."

Nimekubali haraka haraka. Lakini majambazi wakisimamisha lori, nitawatisha na nini?