Wanafunzi Wangu Wanadhani Mimi ni Mwenzao

Bi Sada mpendwa, shikamoo, naomba unipe sikio kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana furaha na aibu vimenijaa kwa pamoja hata sijui nianze na kipi.

Mimi ni wakili mgeni katika ofisi moja ya mawakili hapa Bagamoyo, na mkubwa wangu, Wakili Wilbrodi, alinikabidhi wanafunzi wanane wa sheria wanaofanya mafunzo kwa vitendo kwa njia ya mtandao likizo hii, mmoja yuko Ubena, mwingine Mlingotini, kila mtu kwao na simu yake, na kazi yangu ni kutuma ratiba kwa barua pepe ya ofisi, isiyo na jina langu, na kukagua kazi zao. Siku ya kwanza tulipojitambulisha niliona haya mbele ya mkubwa, nikasema tu, "Naitwa Truda, niko Kerege," basi, na mmoja wao, Teddy, akadhani ni mwanafunzi mwenzao akaniunga kwenye kundi lao la WhatsApp, nami nikasema nitasahihisha kesho, na kesho hiyo sasa ina wiki tano.

Lakini Bi Sada, huko kundini nafaidi. Kikaoni Wakili Wilbrodi akimaliza kueleza wote hujibu, "Tumeelewa, Wakili," maana nani atamwambia mtu mzima kwamba hakumwelewa, halafu dakika mbili baadaye kundini, "Jamani, kuna aliyeambulia kitu?" Anayewajibu ni Zuhura wa Mlingotini, ambaye kikaoni hafungui kamera kwa sababu mtandao wa kwao unakatikakatika. Juzi walikwama kwenye hati ya kiapo, nani aape nini, akatuma sauti: "Sikilizeni. Mama Mosi akimwona mbuzi anakula mihogo yake, aape yeye. Kama kaambiwa na jirani, basi jirani ndiye aape. Na wewe Truda mbona huulizi? Usione haya, dada." Nikaelewa kuliko nilivyofundishwa chuoni, mimi mwenye muhuri, na kazi zao zinarudi safi mpaka mkubwa anatamba ofisini kwamba mpango umefana.

Sasa Ijumaa hiyo atamtaja mwanafunzi mmoja tutakayemwajiri akimaliza chuo, na moyo wake uko kwa Oscar, kwa kuwa anaongea sana na sura yake inaonekana, ila Zuhura, kwa kuwa haonekani, mkubwa humwita "yule kivuli". Nikisema ukweli wataniona mpelelezi na kundi litakufa, nikinyamaza Zuhura atakosa nafasi, nifanyeje?

Truda, Kerege

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikicheka peke yangu. Ofisi nyingi huweka wanafunzi mtandaoni wakaishia kupiga miayo, wa kwenu wanafundishana wenyewe. Hongera sana, nimefurahi kama wangu.

Sasa nikuseme. Wiki tano umekaa jikoni kwa watu, unakula, hujasema wewe ni nani. Haya ya siku moja husameheka, ya wiki tano ni uongo, tena wa wakili.

Leo hii, kabla gazeti hili halijafika Mlingotini, andika kundini jina lako kamili na kazi yako, omba radhi, kisha ujitoe. Watakusema siku mbili tatu. Wana haki.

Halafu mpigie Zuhura, umuulize kama anaridhia umtaje kwa mkubwa. Zile sauti usimpelekee mtu, ni za kundi. Akiridhia, nenda kwa Wakili Wilbrodi ukiwa kama Mama Mosi na mbuzi wake: wewe umeona mwenyewe, hukuambiwa na jirani. Kosa lako mwambie pia, asije akalisikia kwa mwingine. Oscar muache, kuongea si dhambi.

Mwombe kikao cha Alhamisi ya wiki ijayo kiongozwe na Zuhura, kamera zote zifungwe, ya mkubwa ikiwa ya kwanza. Hapo wote watakuwa vivuli, na mkubwa masikio anayo. Na mwakani, kila somo likiisha, mkubwa aage mapema, awaachie watoto nusu saa ya kuuliza. Heshima ni nzuri, lakini mficha uchi hazai.

Jambo la mwisho ni lako. Siku hiyo Wakili Wilbrodi atafungua kikao kwa maelezo yake, na wote wataitikia, "Tumeelewa, Wakili." Wewe washa kipaza sauti, utaje jina lako, Wakili Gertruda, useme, "Mimi sijaelewa." Zuhura alishakwambia usione haya.