Mama Mkubwa Hakufukuza Mvua

Jumapili, Novemba. Kihonda.

Joto la leo ni la kukaanga. Mawingu yamekaa juu ya Uluguru tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Miguu inaniuma kwa kushuka mlima, lakini nimeshinda, na naandika hivyo mapema kabla unyenyekevu haujanirudia.

Leo nilikuwa na kesi. Si yangu, ni ya Mama Mkubwa, dada yake mama. Anaishi peke yake kule juu, kwenye shamba la ukoo. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na msimamizi wake ni mjomba. Mjomba akisema toka, unatoka.

Na Mjomba alikuwa anakaribia kusema.

Mwaka jana Mama Mkubwa alikata mkuyu uliokauka karibu na makaburi ya wazee wetu, kwa sababu ulikuwa unainamia paa la nyumba yake. Hakumuuliza mtu, hakufanya tambiko. Tangu hapo vuli zote mbili zimekuja vibaya. Mwaka huu watu walipanda mahindi kwa mvua ya kwanza, ile ya kudanganya, halafu ikakata na mbegu zikafia ardhini. Basi ukoo mzima ukapata jibu: mama huyu ameifukuza mvua. Kikaitishwa kikao ili anyang'anywe shamba, apewe mwingine mwenye adabu.

Mimi nafundisha jiografia sekondari. Niliposikia habari hizo nilisema moja kwa moja, hii ni mada yangu.

Kusema kweli sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kilichoniuma ni kumkuta Mama Mkubwa kikaoni amekaa pembeni ya mkeka, kanga imemfunika hadi machoni kama mtu aliyefiwa. Huyu ni mwanamke ambaye kicheko chake unakisikia kabla hujaiona nyumba yake. Nilipomwamkia aliitikia bila kuinua uso.

Nilitoa shikamoo kwa wakubwa wote, nikaomba nafasi, nikaanza na jambo ambalo kila mtu pale analijua tangu utotoni, yaani kuvundika ndizi. Unaziweka shimoni, unazifunika majani ya mgomba, joto linabaki humo humo mpaka zinaiva.

Dunia nayo imevundikwa, nikawaambia. Jua linapasha ardhi na bahari. Joto lile linataka kurudi angani, lakini hewani kuna gesi zinazolishika. Bila gesi hizo tungeganda kwa baridi, kwa hiyo mfuniko wenyewe si mbaya. Ubaya ni kwamba watu wanazidi kuongeza majani. Makaa ya mawe, mafuta ya magari na mitambo, misitu inayochomwa, vyote vinatoa hewa ya ukaa, nayo ikishapanda haina haraka ya kuondoka.

"Kwa hiyo sisi ni ndizi," Mjomba akasema.

"Ndiyo, Mjomba. Na tumeanza kuiva."

Kikao kikacheka. Hapo nikajua nimewapata.

Nikaingia kwenye mvua. Mvua yetu inaanzia baharini. Upepo unabeba unyevu, unagonga mlima wetu, unapanda, unapoa, maji yanashuka. Bahari ikibadilika joto, pepo na mvua nazo zinabadilika. Sikuwadanganya kwamba kila vuli mbaya ni kosa la moshi wa viwanda, maana miaka mibaya ilikuwepo hata enzi za babu. Lakini tabianchi ni mazoea ya miaka mingi, na mazoea hayo ndiyo yanayovurugika sasa. Mkuyu mmoja, tena mkavu, hauna ubavu huo.

Mjomba si mtu wa kushindwa haraka. Akauliza, kama miti haina kazi, mbona tunakatazwa kukata msitu?

Nililipenda swali hilo kuliko alivyotegemea. Nikamwambia msitu ule juu unakamata ukungu na kulisha vijito vyetu, na unahifadhi ndani yake ukaa ambao ungekuwa angani. Kwa hiyo ule moto tunaowasha kusafisha mashamba, ukituponyoka ukaingia msituni, unaharibu kuliko shoka la Mama Mkubwa. Watu wakatazama chini, maana hakuna asiyechoma. Sikuwaachia mzigo wote, hata hivyo. Kiberiti chetu ni kidogo mno mbele ya nchi zilizochoma makaa na mafuta kwa vizazi.

Mjomba akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Sasa shamba tumnyang'anye nani?"

Ikaamuliwa Mama Mkubwa abaki, ila kwa kugusa mti wa makaburini bila ruhusa atoe kuku, watu wamle, yaishe. Hilo sikulipinga. Adabu ni adabu.

Nilimsindikiza nyumbani natembea kwa maringo. Nilitegemea vigelegele. Yeye akaketi kizingitini, akavua kanga kichwani, akalitazama shamba lake lile jekundu lisilo na hata mche.

"Mwanangu, umenisaidia," akasema. "Lakini ningekuwa nimeifukuza mimi, ningeomba radhi ikarudi. Sasa hao wa mbali, nani atawaita kikaoni?"

Nikamwambia kikao chao kipo. Mataifa yote hukutana kila mwaka, wanazungumza, wanaahidi kupunguza moshi. Nilisema kwa uhakika, maana ni kweli, na ni jambo ninalolifundisha.

Akasikiliza vizuri, halafu akaniuliza, "Na wakikutwa na kosa, wananyang'anywa nini?"

Nikamuaga, nikashuka mlima nikilirudia swali hilo njia nzima.



Bado naamini kila nililosema leo, na ningelisema tena mbele ya kikao chochote. Lakini kesho nina kipindi cha kwanza na Kidato cha Tatu, na badala ya kuanza na ndizi nitaandika ubaoni swali la Mama Mkubwa kama alivyoliuliza, nikae chini pamoja nao tulitafutie jibu.