Sindano ya Ugonjwa wa Kupe

Jumanne, 14 Mei 1996

Basi ndama wamedungwa, na roho yangu bado haijatulia.

Asubuhi nilifika kwa dip, pale tunapoogeshea ng'ombe dawa ya kupe, na ndama wangu Chelel peke yake, maana ndama wa kwanza nilimzika kwa hii homa ya kupe. Daktari wa kampuni ya dawa akaangalia nyuma yangu. "Mama, wengine wako wapi? Chanjo hii ikishatoka kwa barafu hairudi, na kichupa kimoja ni cha ndama wengi. Siwezi kufungua kwa sababu ya mmoja."

Nikakimbia kituo cha majani chai. Wamama walikuwa wamepanga laini na vikapu. Nikawaeleza kwamba ndama anawekwa ugonjwa pamoja na dawa, anaugua kidogo, halafu mwili unazoea.

Jirani yangu Mama Chebet akacheka. "Unataka tudunge ndama mzima ugonjwa? Kwani kupe wamekosa kazi?"

"Kupe analeta ugonjwa bila dawa," nikamwambia. "Huyu daktari analeta vyote viwili."

Akatua kikapu chake. Halafu akaenda kufungua ndama wake, na wengine wakamfuata yeye, si mimi.

Daktari alisema ndama wanaweza kupata joto, tusiogope. Lakini yeye amesharudi Kericho, mimi ndiye nimebaki na majirani. Mtu akipoteza ndama ataita jina langu, si la kampuni.

Nimetoka kumshika Chelel chini ya masikio, pale huwa panavimba. Bado hapajavimba. Amenilamba mkono.

Nikarudi ndani kuomba. Nimeanza na ndama wa Mama Chebet.