Gari Lililoegeshwa Penye Maji

Mtaa wa Noria, nyumba namba 9,
Villareja.
Tarehe 6 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu Eloy,

Nakugombeza kwanza, maana nikianza na salamu nitalainika. Pasaka imepita bila wewe, na ile ya kabla yake pia. Kila nikiuliza naambiwa kiwanda hakijakupa likizo. Kiwanda gani hicho kisichojua kwamba mtu ana bibi? Hao Wajerumani walikuwa wanatengeneza magari kabla mimi sijaota jino, na watayatengeneza wiki mbili bila wewe kuwakazia boliti. Aibu yako. Basi, nimemaliza. Lete mashavu nikubusu, na la tatu nakupiga kwenye paji la uso.

Haya, hujambo? Mgongo wako je? Heike hajambo? Na yule mdogo, Matilde, ameshaota meno au bado anatucheka na ufizi? Sisi huku tu wazima. Mimi magoti yananiuma, mdomo uko imara. Mama yako Consuelo anapika, anaimba, anamgombeza baba yako, yaani afya tele. Anayeandika hapa ni Encarna wa namba kumi na moja, kwa sababu, kama ujuavyo, wenzangu walipopelekwa shule mimi nilipelekwa kuchuma malimau. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Akijaribu kunipamba namgonga kwa kipepeo changu cha kujipungia upepo.

Babu yako Ginés ndiye habari yenyewe. Unakijua kifua chake. Kupiga plasta dari za watu maisha yote kumemwachia kifua kinachopiga filimbi kama birika. Na unakijua chumba chetu, dirisha lake linatazama barabarani. Wewe ulipoondoka hapa, Mtaa wa Noria ulikuwa njia ya mkato ya kila mwenye haraka ya kwenda barabara kuu. Malori, pikipiki, mabasi ya watalii waliopotea. Shuka nyeupe nikizianika zilirudi ndani kama za fundi makenika. Hata Agosti tulilala dirisha limefungwa, na yeye akikaa kitandani wima, ameshika ile dawa yake ya kupuliza kama mtu ashikavyo rozari.

Halafu meya, yule mama Amparo, akaufunga mtaa. Akasimika nguzo ya chuma upande mmoja, akapanga vyungu vya maua upande wa pili, gari lisipite. Tangu hapo babu yako analala dirisha wazi. Analala, Eloy! Anakoroma kama trekta na mimi namsikiliza kwa furaha. Usinielewe vibaya, simwimbii Amparo sifa. Hakumuuliza mtu yeyote. Tuliamka asubuhi tukavikuta vyungu vimepangwa kama wageni wasioalikwa, na maua yake yakafa kabla ya Julai kwa sababu hakumpangia mtu wa kuyamwagilia. Sisi wanawake ndio tuliong'oa maiti zile tukapanda mnanaa na kotmiri.

Baba yako naye ana hasira, na hasira yake ina ukweli ndani yake. Kile kigari chake cha dizeli ni kizee, na kwa amri ya Amparo kuhusu moshi hakiruhusiwi tena kuvuka daraja kuingia mjini. Blas wangu anakiacha ng'ambo, anapakia matikiti kwenye mkokoteni na kuyavuta mpaka sokoni kwenye jua hili. Jumapili moja tulikuwa tunakula wali na sungura, akapiga meza kwa kijiko.

"Mama, hewa safi siwezi kuiweka kwenye mizani nikaiuza!"

"Na baba yako siwezi kwenda sokoni nikanunua mwingine," nikamjibu.

"Hata ukinipeleka mimi huko hutapata bei nzuri," babu yako akasema, akanyoosha sahani aongezewe wali.

Basi uchaguzi ukatukuta hivyo, nyumba moja na kambi mbili. Akajitokeza bwana mmoja, Leandro Ripoll, anagombea umeya. Anakaa kule kilimani kwenye nyumba zenye mabwawa ya kuogelea. Picha yake ilibandikwa kila ukuta, meno yote nje, na maneno ambayo Encarna alinisomea: Turudishieni mitaa yetu. Nikamuuliza Encarna, yetu nani? Mimi mtaa ninao. Nimeukalia.

Alhamisi kabla ya kura wagombea wakaletwa ukumbi wa parokia kujibizana. Kulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Amparo akaongea na picha zake za ukutani, mistari inapanda, mistari inashuka, kwa muda wa kuivisha dengu. Kisha Leandro akavua koti, akakunja mikono ya shati. "Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa mtaa huu! Nimelelewa na bibi yangu Mtaa wa Noria, kwa mkate na nyanya!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikamtazama Encarna, Encarna akanitazama. Hatumkumbuki bibi wa namna hiyo, lakini watu huja, watu huhama, nikasema nimpe haki yake.

Nikasimama. Consuelo alinivuta sketi niketi, nikamwachia sketi aivute.

"Mwanangu Leandro," nikasema, "barabara ukiifungua, malori yatapita chini ya dirisha la mume wangu. Mume wangu afanye nini?"

"Bibi yangu mpenzi," akasema, sauti imejaa asali, "siku hizi kuna madirisha ya vioo viwili. Na kuna feni!"

Ukumbi ukacheka. Nikasubiri wamalize.

"Feni inazungusha hewa ile ile. Ukimfungia mtu na moshi, inamzungushia moshi."

Sasa walicheka upande wangu. Yeye akakenua meno akasema kesho jioni atakuja mwenyewe Mtaa wa Noria, ataingia na gari, watu waone mtaa unavyokuwa hai, kisha anywe maji ya limau mlangoni kwangu. Nikamwambia karibu.

Ijumaa ikafika. Jua lilipoondoka ukutani tukatoka na ndoo kama kila jioni ya joto, kila anayetoa kiti akamwagia maji mbele ya mlango wake, vumbi litulie na mawe yapoe. Huna haja ya kuelezwa, wewe ndoo hiyo umeibeba kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Penye maji viti vinakuja. Hapakanyagwi, hapaegeshwi. Baba yako alipokuwa mtoto alishuka kwenye baiskeli akaikokota kuzunguka. Hata mlevi Ruperto, asiyeuona mlango wa nyumba yake, maji yetu anayaona. Na enzi zile mbaya za malori, dereva wa huku kwetu alitafuta pakavu, hata kama ni mbali.

Vijana wa Leandro wakasogeza vyungu, wakauvunja mnanaa wangu. Akaingia. Gari jeupe, refu kama kabati la nguo, muziki juu, mpiga picha anakimbia mbele. Mbele ya namba saba palikuwa pakavu. Mbele ya namba kumi na tatu palikuwa pakavu. Yeye akaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, maji bado yanang'aa, akaegesha juu yake, akazima, akashuka na mikono imefunguliwa.



"Fuensanta," Encarna akaninong'oneza, "ameegesha penye maji."

"Nimeona. Toeni viti."

Tukavitoa. Mimi nikaweka changu mbele ya gari, mgongo umeegemea kibao cha namba zake. Encarna nyuma. Wengine ubavuni huku na huku, na vipepeo, na soksi za kufuma, na bakuli la mbegu za alizeti. Leandro akafurahi! Akadhani tumekuja kumpokea. Akatubusu mmoja mmoja, akapigwa picha, akanywa limau yangu na kuisifu. Nami sikumnyima, mgeni ni mgeni. Ginés akawa dirishani juu yetu, viwiko kwenye mto, kama mtu aliyekata tiketi.

Baadaye mtu wake mmoja akamnong'oneza kwamba watu wanamsubiri uwanjani, ndiyo hotuba ya mwisho. Akaja kwangu na funguo mkononi.

"Bibi zangu, naomba msogeze viti kidogo, nitoe gari."

"Hatuwezi, mwanangu. Tumeshamwaga maji."

"Maji gani?"

Eloy, natamani ungekuwepo. Ungesikia mbegu za alizeti zikipasuka. Kisha kicheko kikaanzia ghorofani, kikashuka ngazi kwa ngazi, mpaka mimi mwenyewe meno yangu ya bandia yakataka kunitoka.

"Mtoto wa mtaa huu, eti!" Encarna akapiga paja. "Ulilelewa hapa, au ulipita ukiwa usingizini?"

"Muulizeni bibi yake alikuwa anakalia nini!" mwingine akapiga kelele kutoka ghorofani.

Masikio ya yule bwana yakawa rangi ya pilipili. Akamwona baba yako amesimama kwenye kona na mkokoteni wake, akamwita. "Blas! Wewe ni mtu wetu. Zungumza na mama yako."

Baba yako akajifuta jasho, akatutazama sisi, akalitazama lile gari. "Bwana Leandro, huyo ndiye aliyenizaa. Sijawahi kumwondoa hata kwenye kiti cha jikoni." Kisha akasema polepole, kama mtu anayeuliza kitu ambacho kweli kinamuuma, "Lakini wewe, kwa nini uliegesha penye maji?"

Leandro akatia funguo mfukoni. Akaenda uwanjani kwa miguu, koti begani, na babu yako akimsindikiza kutoka juu: "Taratibu bwana! Kutembea kunasaidia kifua!" Tulipomaliza kupunga upepo tukaondoa viti vyetu kama siku zote, na mtu wake akaja kulichukua gari. Hatukuligusa hata kwa ukucha. Consuelo alitaka kulipaka yai, nikamkataza, mayai ni ghali.

Usidhani tulishinda. Jumapili, kwenye kituo chetu cha kura, alipigwa vibaya, lakini mji una kilima chake na una nyumba mpya kule pembeni, na huko hawajui kiti wala ndoo. Ameshinda kwa kura chache, na chache zinatosha. Jumatatu akasema redioni kwamba nguzo itang'olewa tarehe mosi Septemba na Mtaa wa Noria utakuwa wazi kwa wote. Babu yako aliisikia akinyoa ndevu. Alikwenda akalifunga dirisha, akalifungua, akalifunga tena, kama anayejaribu komeo. Nilimwambia ulifungue, Ginés, na uliache wazi, kufunga si kazi yako.

Baba yako hajasema alimpigia nani kura nami sijamuuliza. Ila Jumanne alipanda darini akakishusha kile kiti kilichovunjika mguu, akakipigilia misumari. "Bado nataka kuingia na matikiti yangu, mama," akasema akiwa na misumari mdomoni. "Asubuhi. Jioni ni yenu." Nikamwambia asubuhi tunaweza kuzungumza, mimi sina ugomvi na tikiti. Lakini hakuna aliyetuketisha tukazungumza. Mmoja alifunga bila kuuliza, mwingine anafungua bila kuuliza, na wote wawili walitubusu mashavu.

Basi sikia. Tarehe mosi Septemba hatungoji jua liondoke ukutani. Tutamwaga maji alfajiri, mtaa mzima, kutoka nguzo hadi vyungu, na tutakaa. Wakileta winchi, tutakaa. Wakileta polisi, yule polisi mnene ni mtoto wa Encarna, atajua pa kuegesha. Padri amenishauri nifikirie umri wangu. Nimemwambia ndio huo ninaoufikiria: watanifunga mpaka lini, mpaka nizeeke? Nimepumua moshi wa watu wengine nusu ya maisha yangu na nikanyamaza kwa kuwa nilidhani wenye magari wana shughuli kuliko mimi. Sasa shughuli yangu ni kusikia mtu akikoroma, na sitoki.

Msalimie Heike, ingawa kahawa yake ni maji ya kuoshea vikombe, nampenda hivyo hivyo. Mbane Matilde mashavu kwa niaba yangu. Babu yako, baba yako na mama yako wanakusalimu, na Encarna anasema mkono unamuuma, na wewe unadaiwa busu. Bikira wa Fuensanta, aliyenipa jina, akufunike kwa vazi lake, wewe na watu wako, na akupe meneja mwenye moyo.

Nawe uje mwisho wa Agosti, si baadaye. Usije na gari, wala usikodi jingine stesheni. Shuka kwenye treni, vuka daraja kwa miguu. Ukifika mlangoni usinibusu kwanza. Chukua ndoo, mwaga maji kutoka ukutani mpaka katikati ya barabara, watu wakuone ni wa kwetu, ndipo uingie ule.

Mimi nikupendaye hata ukiwa mkaidi,

Bibi yako Fuensanta