Papa, Usigonge Mtumbwi

Hifadhini, ng'ambo ya mto Ruzizi
18 Novemba 2025

Papa mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa binti yangu Délice. Mgongo bado unakusumbua? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Kazi ya kutembeza watalii inakwenda. Unakumbuka ulivyonifundisha kugonga ubao wa mtumbwi ili viboko wasikie na kutupisha? Huku tumegeuza. Tunagonga, kisha tunawatupia majani ya viazi vitamu. Siku hizi wakisikia mlio tu, kundi zima linakuja hadi ubavuni, na watalii wanapiga picha huku wanatetemeka. Patroni, bosi wetu, ananiita bwana wa viboko. Ungecheka!

Mwanao,
Venant

Kasenga, 2 Desemba

Mwanangu Venant,

Salamu. Mgongo ni uleule, wa mzee. Délice anakua, na mdomo wake unakua zaidi.

Nimecheka kweli, ila sikupenda. Kiboko si mbuzi, mwanangu.

Huku mizinga inasikika upande wa Kamanyola, na sokoni unga umeadimika. Hata hivyo usihangaike, tukikosa kabisa nitatoa mtumbwi nikavue.

Papa yako

Hifadhini, 13 Desemba

Papa,

Mko hai? Simu haipiti, mpaka umefungwa. Barua hii nampa Josée, yule mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akipata njia ya kuvuka.

Watalii wamekwisha, patroni amekimbia, majani ya kuwalisha viboko hakuna. Sasa wote wameondoka. Wavuvi wamewaona wakielekea kwenu, na wana njaa.

Papa, nakupigia magoti, usigonge mtumbwi! Watakuja, watakuta huna kitu, watawapindua. Bora usiingie majini kabisa. Nimejaribu kuvuka, askari wamenirudisha kwa viboko vya mgongoni. Ninaogopa mpaka chakula hakipiti. Usigonge, Papa. Mwambie na Délice.

Mwanao,
Venant

Kasenga, 16 Desemba

Mwanangu,

Tunakusalimu. Tuko wazima, ila njaa inatumaliza. Kwako kimya tangu barua ile ya watalii. Naomba Mungu iwe ni mpaka tu unaozuia barua zako.

Ndani hamna hata kikombe cha unga. Jana Délice alilia hadi akasinzia, nami nikashindwa kumtazama. Kesho asubuhi tunaingia ziwani kuvua. Viboko wamejaa ufukweni kwetu, sijapata kuona wengi hivi. Lakini usiogope. Hawa ni wa kwetu, si wale wako wa kubembelezwa. Wakisikia ubao wanapisha, kama walivyompisha marehemu baba yangu.

Mgongo hauniruhusu kupiga kasia na kugonga, kwa hiyo Délice atakaa mbele. Amenishika shati mimi babu yake kwa furaha: "Tate, mwenye kugonga njo minye!" Yaani mgongaji ni yeye.

Nimemwambia agonge kwa nguvu, asiache mpaka tufike maji marefu.

Papa yako