Binti Aliye Kisimani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mama mkwe kafika kutoka Kishapu, atakaa nasi hapa Nyasubi. Mume wangu Makoye yuko machimboni Geita — mama kaletwa, mwenye mama hayupo! Nikapiga goti, shikamoo mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Marahaba Juliana, akasema. Juliana ni wifi yangu. Nimeitika tu.

Mchana nikamwomba awasimulie watoto hadithi, nimalizie kushona sare. Alivyonitazama! Kwao hadithi za mchana hupoteza ng'ombe. Nikamwambia hatuna ng'ombe. Akasema ndiyo maana hamna.

Jumanne, 10 Juni

Jamani, huyu mama! Baada ya kula kaketi uani, akagawa kazi kwanza. Violeth wangu awe chura. Watoto wa jirani wawe mvua. Selestine, mpangaji wetu mchimbaji, lijitu la miraba minne — awe kamba. Mtu asipoitika zamu yake, mama hasogei mbele.

Binti anashushwa kisimani na kaka zake, kufuata ngoma iliyozama. Ngoma wanaivuta juu. Binti wanamwacha! Anaimba humo chini, chura anamwitikia. Sauti ya mama ikashuka, ikashuka, mwili ukanisisimka. Maharage yakaungua jikoni wala sikujali. Akakatisha hapo hapo, eti tutamtoa siku nyingine.

Jumatano, 11 Juni

Mboga katia chumvi mara mbili. Unga kaumwagia kuku akidhani pumba. Kaniuliza, tena na tena, hapa tumekuja msiba wa nani.

Nimempigia Makoye: mwisho wa hadithi ya kisima ni upi? Hajui! Utotoni kila mara alilala. Juliana naye vilevile. Basi iko kichwani mwa mama tu, na kichwa kinavuja. Naogopa. Naogopa kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Uani kumejaa, hata jirani Mama Kudra kafunga genge lake mapema. Mama kaanza — hakukosea hata neno! Huyu huyu wa chumvi! Binti kashika kamba. Selestine anavuta hewa tupu, mishipa ya shingo imemtoka, jasho linamtiririka. Mikono ya binti ikafika ukingoni.

Mama akanyamaza. Tukasubiri, tukidhani ni ufundi wake. Akanigeukia, sauti ndogo: "Mayu, huyu binti ni wa nani?"

Watoto wakadhani ni zamu yao. "Wa kwetu!" Akauliza tena. "Wa kwetu!" — mvua wote, chura, na Mama Kudra. Mimi peke yangu nilijua kwamba anauliza kweli. Nikamshika mkono, nikaudaka wimbo alipouacha, kwa Kisukuma changu kibovu cha Ushirombo. Akaanza kuniitikia, anacheka! "Ehe. Halafu?"

Halafu sijui. Nimesingizia kufuata kanga ya kumfunika, naandika hapa nimesimama. Kumetulia huko uani, hakuna aliyeondoka. Violeth ananiita, niharakishe — Selestine bado kashika kamba, na anachoka.