Kinasa Sauti Nyuma ya Karakana

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na vumbi la mbao halikukohoshi. Mimi mzima, ila buti zangu zina tope mpaka mwenye nyumba ananivulisha mlangoni.

Ndani ya boksi hili kuna kinasa sauti. Naomba ukifunge kwenye mti ulio karibu na kinamasi, pale nyuma ya karakana. Vyura hawaonekani kirahisi, lakini kila aina ina mlio wake, kwa hiyo sisi watu wa ikolojia tunawahesabu kwa masikio. Vinamasi vinafukiwa kila siku, na tunataka kujua nani bado yupo. Baada ya wiki mbili nitumie kadi ya sauti iliyo ndani yake, uweke na hii ya akiba.

La pili ni zito. Kituo cha utafiti kimenipa mkataba wa miaka mitatu. Nautaka sana, lakini si bila baraka zako. Wanangoja jibu kabla ya Aprili kwisha.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linajua mvua kabla ya redio.

Kidude chako nilikifunga siku ile ile. Kinawasha taa nyekundu dakika moja, halafu taa inazimika, kinalala. Taa ikiwaka hata kupumua napumua kwa adabu. Ikizimika narudi kwenye randa yangu na soga na kinyozi wa hapo pembeni. Kadi hii hapa.

Kuhusu mkataba nitasema wazi. Baba yako mdogo amekutafutia kiti benki, mwendo wa miguu kutoka hapa nyumbani. Sikumsomesha mtu mpaka chuo kikuu aende kuhesabu vyura. Rudi.

Baba

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Barua yako nimeisoma mara nne na nimelia, sitakuficha. Lakini tangu Mama atutoke umekuwa baba na mama, siwezi kukupinga. Mwambie Baba Mdogo nakuja. Nimalizie kwanza kusikiliza kadi yako, kisha nitaandika kuukataa mkataba.

Binti yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo tena, hata hujajibu ile nyingine.

Taa ya kinasa sauti huzimika ili kutunza betri. Chenyewe hakilali. Kimesikiliza wiki zote mbili.

Nimepata aina saba za vyura, na mmoja wao alikuwa hajasikika upande huo miaka tisa. Profesa wetu, mtu mzima na mvi zake, aliruka. Nimepata na aina ya nane, yenye sauti nzito, inayojibizana na kinyozi kila jioni.

Kinyozi anasema, "Mwanangu yuko ghalani anahesabu magunia. Wako vyura."

Seremala anasema, "Magunia hata wewe utahesabu. Wangu anamjua chura kwa kumsikia tu. Mtaa huu nani mwingine?"

"Sasa unamwitia nini arudi?"

Hapo nasikia randa ikiwekwa mezani. Kisha seremala anasema, "Nyumba ni kubwa, ndugu yangu. Nakula peke yangu. Lakini hilo ni langu, si lake. Kwenye barua ya kumwita sitaliandika."

Hayo nimeyasikiliza mara nyingi kuliko chura yeyote. Baba, nimesaini mkataba. Nimeomba pia kinamasi chako kiwe kwenye utafiti, niwe nakuja siku tatu kila mwezi kukipima, na wamekubali. Kama nimekosea, nikemee.

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba mara mbili. Kinyozi kasikia sauti yake imefika kwa maprofesa, sasa hanyoi kichwa cha mtu bila kukisimulia.

Sikukemei. Baba yako mdogo alinuna siku mbili, ya tatu akaja kuniuliza yule chura wa miaka tisa analiaje. Nikamwigia. Jirani akafunga dirisha.

Baraka ulizoomba nimejaribu kuziandika tangu asubuhi. Natengeneza kabati la milango sita bila kupima mara mbili, lakini neno hili linanishinda kwenye karatasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama. Nakutumia kadi ya pili. Mwanzoni wamo vyura. Mwishoni nimo mimi, nimesimama mbele ya kidude, taa imezimika, na najua kinasikiliza.

Baba